Kifuniko Kisichokuwa na Fumbo

Mume wetu Luemba alimvunja Landu vidole viwili siku ya soko, jua likiwa bado halijafika utosini, kwa sababu alikuta mwiba kwenye mchuzi wa samaki. Samaki asiye na miba mimi sijamwona, na samaki nimekula miaka themanini, hamsini kati ya hiyo bila meno mawili ya mbele. Meno yenyewe yamo humu humu kwenye hadithi, mtayakuta.

Alivivunja kwa mlango. Alimshika mkono, akauweka kwenye mwimo, akausukuma mlango kwa goti. Kisha akanawa, akala mchuzi ule ule mpaka ukaisha, akaenda kazini.

Mimi nilikuwa mke mkubwa, Landu mdogo. Sitajifanya malaika. Wiki aliyoletwa nilimtilia pilipili kwenye maji ya kunawia uso, akakaa na macho kama nyanya siku mbili. Naye akalipiza kwa kufungulia mbuzi waingie kwenye mihogo yangu. Tulikutana kwenye hiyo mihogo iliyotafunwa, mmoja macho mekundu, mwingine hana shamba, tukaanza kucheka, na ugomvi wetu ukaishia hapo. Kwa Luemba hakukuwa na kicheko. Alikuwa kapita, yaani mnyapara, kwenye bohari ya mawese, na mzungu wa pale alimpa kofia nyeupe, viatu vya ngozi na kiboko cha kuwapigia wachukuzi. Kofia na viatu alivivaa hata chooni. Kiboko alirudi nacho nyumbani kila jioni, kama wanaume wengine wanavyorudi na samaki.

Mimba ya kwanza ya Landu ilitoka kwa kiatu. Ilikuwa ya miezi sita. Tulimzika mtoto yule mimi na Landu nyuma ya migomba, na Luemba aliporudi aliuliza kwa nini jembe lina udongo.

Siku ile ya vidole alikuwa na mimba nyingine, miezi mitano. Nilimkalisha kwenye kigoda nikamfunga vidole kwa vijiti na kamba ya ukindu. Hakulia. Alikuwa anatazama tumbo lake.

"Dada Nsona," akasema, "huyu naye hatazaliwa nikikaa hapa."

"Nenda kwa mjomba wako."

"Nilikwenda mwezi uliopita. Hata maji hakunipa. Alisema hapokei mwanamke anayekuja na machozi matupu. Nimletee neno la wanaume."

Neno la wanaume. Kwetu Wawoyo mwanamke hasimami uani kumtangaza mumewe kwa mdomo. Ana vifuniko. Siku ya kuolewa mama yake na bibi yake humpa vifuniko vya chungu vya mbao, vya mviringo, na juu ya kila kimoja pamechongwa kitu: ndege mtegoni, kaa, konokono, chungu juu ya mafiga matatu. Kila kitu kilichochongwa kinasimama badala ya msemo wa wazee, na kila msemo una lalamiko lake. Unavitundika ukutani vinakaa kimya. Mume akikukosea, huongei. Unapika vizuri, unapakua, unafunika chakula kwa kifuniko kinachohusika, unakipeleka bandani ambako wanaume wanakula pamoja. Wote wanaona. Asiyeelewa anamwuliza anayejua maana, na kijijini kwetu anayejua maana alikuwa Tata Zau. Akishaisema, mume hana budi kujibu mbele ya wenzake. Na maneno yaliyosemwa mbele ya wenzake ndiyo yanayobebwa kwa mjomba.

Shida ni kwamba Landu hakuwa na kifuniko hata kimoja. Mama yake alikufa akimzaa, na vifuniko vyake vilichukuliwa na mama mdogo aliyeolewa ng'ambo ya mto, ambaye tulisikia anavifunikia mitungi ya maji, bila haya.

Mimi nilikuwa navyo kumi na kimoja.

"Niazime kimoja," Landu akasema.

Vifuniko haviazimwi. Nilijua hilo tangu utotoni, baba yangu alikuwa mchongaji. Lakini miaka ile nilikuwa najiona mjanja kuliko wote niliowahi kukutana nao, nikasema moyoni, nani atajua, mbao ni mbao. Nikatungua kile cha ndege aliyenaswa mguu mtegoni. Kwa mwanamke aliyebanwa vidole mlangoni, nikaona kinafaa kabisa.

Kesho yake mchana Landu alipeleka chakula bandani kama kila siku, maana ndiyo kazi ya mke mdogo, kubeba chakula cha nyumba nzima. Mimi nikazunguka nyuma ya banda. Ukuta ulikuwa wa matete, na kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole nililokuwa nimelitoboa miaka mingi nyuma kwa matumizi yangu binafsi.

Tata Zau alikuwa mzee mnene, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na tumbo. Kusoma vifuniko alijua kuliko mtu yeyote, ila hakusoma kabla ya kuhakikisha kuna nini chini yake. Alinusa. Akakigeuza kile kifuniko, akapapasa ukingo.

"Patasi ya marehemu babake Nsona," akasema. "Hiki ni cha mke mkubwa."

Nikalisogelea tundu zaidi.

"Sema, Tata Zau," mmoja akamhimiza. "Anataka nini?"

"Ndege ameingia mtegoni, na aliyetega ameondoka kwenda kutega kwingine. Bibi mkubwa anasema tangu uoe kabinti, Luemba, humkumbuki. Ana wivu."

Banda zima likacheka. Luemba naye akacheka, kofia ikitikisika kichwani. "Nitampa kitambaa," akasema.

"Na kitandani je?" mwingine akauliza.

"Kitandani atapewa pia, akinyamaza."

Wakacheka tena, wakala. Landu alikuwa bado amesimama mlangoni na mkono wake uliofungwa vijiti. Hakuna aliyeutazama. Walikwisha kupewa maana, wangetazama nini tena.

Ndiyo kosa lenyewe. Mahali pengine wangemsikiliza aliyebeba chakula. Kwetu walisikiliza mbao, na mbao ilisema jina langu.

Jioni Luemba aliniletea kitambaa kweli, cha maua ya njano. Alinipa kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuja umekunjwa ngumi. Sikuona ukija, niliona tu kwamba nimekaa chini na kitambaa kiko mapajani kimeshakuwa na maua mekundu.

"Unanifanya kichekesho mbele ya watu," akasema. "Una wivu, eti. Na sura hiyo."

Ningeweza kumwambia kifuniko kilikuwa cha Landu. Sikumwambia. Sidai ushujaa, mdomo ulikuwa umejaa damu na meno mawili. Nilipoyatema na kuweza kuongea, nikaona hakuna faida ya kuongea.

Landu alikuwa anatoka shambani na kuni kichwani. Akasimama. Luemba akamtazama.

"Na wewe unatazama nini?"

"Sitazami kitu, bwana."

"Basi nikupe cha kutazama."

Kiboko cha ngozi kina namna yake ya kulia kabla hakijafika, kama mtu anayevuta pumzi. Nilihesabu mapigo kumi na moja. Landu alijikunja akalikumbatia tumbo, akampa mgongo wote, na mgongo ukafunguka kama viazi vilivyochemka kupita kiasi. La kumi na mbili lilikosa kwa sababu Luemba alikuwa amechoka. Akaketi akaomba maji. Nikampa. Nilitemea ndani, na mate yangu siku hiyo yalikuwa mekundu, ila kata ilikuwa nyeusi naye hakuona.

Siku ya tatu, nilipoweza kufumba mdomo, nilimchukua Landu tukaenda kwa kaka yangu Chibinda. Patasi na tezo za baba zilibaki kwake. Alikuwa amekaa juu ya gogo anachonga mwiko. Akaniangalia.

"Nani amekuchonga hivyo?"

"Shemeji yako. Mkono wake mzito, hajui kumalizia."

"Nimwendee?"

"Umwendee na hiyo miguu yako miembamba? Kaa. Nataka kifuniko. Cha Landu, chenye alama ya ukoo wa mama yake ukingoni, kombe la pwani, ili yule mzee mlafi asije akaniita mimi tena."

"Msemo gani?"

Hapo ndipo tulipokwama. Chibinda alikuwa anaijua yote, aliirithi pamoja na patasi. Akaanza kututajia. Kulikuwa na wa mume asiyeleta chumvi. Wa asiyenunua nguo. Wa anayelala nje. Wa anayelala ndani lakini hana msaada. Wa mwenye kumsikiliza mama yake. Wa mvivu, wa mlevi, wa anayewapenda watoto wa mke mmoja na kuwasahau wa mwingine. Nilikuwa na kumi na kimoja nyumbani, yeye alinitajia zaidi ya arobaini.

"Na wa mume anayeua?" nikauliza.

Akafikiri. Akakwangua mwiko kidogo.

"Huo haupo."

"Wazee walikuwa na neno la chumvi, hili hawakuwa nalo?"

"Labda walikuwa nalo."

"Labda aliyelianza alipigwa kabla hajamaliza," nikasema.

"Dada, nikichonga kisicho na msemo, Tata Zau atasoma nini?"

"Hata asome nini, wewe chonga ulichokiona."

"Mimi sijaona kitu. Nimesikia."

Landu akageuka akatufungulia nguo mgongoni. Ilikuwa imeshika kwenye vidonda, akaivuta hivyo hivyo. Nzi walifika kabla ya macho ya Chibinda. Kaka yangu alitazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama gogo kabla ya kulipasua. Kisha akamwomba anyooshe na ule mkono wenye vijiti.

"Kesho kutwa," akasema. "Kabla ya chakula cha mchana."

Kilipokuja nilikificha chini ya matandiko yangu, na mpaka leo nikifumba macho nakiona. Mwanamume amesimama katikati ya kifuniko, mkono juu, kiboko kimepinda hewani. Ana kofia. Ana viatu, Chibinda alichonga mpaka kamba za viatu. Chini yake mwanamke amelala ubavu, tumbo lake duara kama nusu ya chungwa, na mkono mmoja ameunyoosha mbele na vidole viwili vimekwenda upande. Ukingoni kombe la ukoo wa mama yake. Basi. Na kwa kuwa lazima kifuniko kiwe na mahali pa kushikia, mahali penyewe palikuwa yule mwanamume. Kula ungetaka, ungemshika yeye.

Nilimchinja kuku wangu mwenyewe, jogoo mwekundu niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya sikukuu. Chakula kibaya kinampa mwanamume kitu cha kusema, kwa hiyo nilipika kwa moyo wote: mchuzi mzito wa mawese, karanga, pilipili ya kutosha, mikate ya muhogo iliyofungwa majani. Tena nikampelekea salamu Mjomba Lubota, yule mjomba wake Landu, kwamba mkwewe anamwalika, kuna kuku. Mtu ambaye hakuwa na maji ya kumpa mpwa wake alifika kabla maji ya kuku hayajachemka.

Nikaenda kwenye tundu langu.

Walikuwa wanaume sita. Luemba kichwani, mjomba kulia kwake, Tata Zau kushoto, karibu na bakuli kama kawaida. Landu akaingia, akapiga magoti kwa shida, akaweka bakuli katikati, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Safari hii hakuondoka, wala hakuinamisha uso.

Wote wakakiona kifuniko.

"Kifuniko tena?" Luemba akasema. "Wanawake hawa wananifanya nichelewe kazini. Tata Zau, sema upesi tule."

Tata Zau alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akasogeza uso. Akakizungusha kwa ncha ya kidole, taratibu. Akalikuta kombe. Akamtazama Landu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Sema basi," Luemba akasema.

"Hakuna cha kusema."

"Kama hakuna, tufunue."

"Nimesema hakuna cha kusema. Sikusema sielewi." Sauti yake nyembamba ilikuwa imeshuka. "Mimi kazi yangu ni kufumbua. Hapa nifumbue nini? Hii kofia ni ya nani, Luemba?"

"Kofia ziko nyingi."

"Kijijini iko moja."

Luemba akaivua. Sijui kwa nini aliivua, labda mkono ulikwenda wenyewe. Akaiweka gotini, halafu akaona kila mtu anaitazama pale gotini, akaivaa tena. Mimi nyuma ya matete nilijiuma kiganja nisicheke, na kwa pengo jipya hata kujiuma sikuweza vizuri.

Mjomba Lubota alikuwa mtu mkavu, mwenye shingo ndefu. Akasema bila kuinua macho, "Landu, mwanangu. Nyoosha mkono."

Akaunyoosha. Vile vidole viwili, vimevimba ndani ya vijiti, vilikwenda upande sawasawa na vya kwenye mbao. Akaangalia mkono, akaangalia kifuniko, akaangalia tumbo la mpwa wake.

"Na tumbo la kwanza?" akauliza. "Tuliambiwa uliteleza mtoni."

"Sikwenda mtoni siku ile, mjomba."

Tata Zau akavuta bakuli la maji. Akanawa mikono yote miwili, polepole, kama mtu aliyekwisha kula. Akasimama. Harufu ya yule jogoo ilikuwa imejaa banda, nikamwona akimeza mate mara mbili, na bado akatoka. Huyo ni mtu ambaye alikula kwenye msiba wa mama yake mzazi mpaka akavunja kigoda. Wale wengine watatu wakanawa, wakatoka mmoja mmoja, bila kumuaga mwenyeji. Kwetu mwanamume akiachwa na chakula chake mbele ya uso wake, ni heri angepigwa kofi sokoni.

Mjomba akabaki wa mwisho.

"Neno la wanaume nimelipata," akasema. "Landu, funga vitu vyako. Nitakungoja njiapanda."

Naye akaondoka, shingo mbele. Njiapanda ni mbali na pale, kilima na bonde. Hakusema "tuondoke wote." Mjomba Lubota alikuwa hodari sana wa kungoja.

Landu akakimbilia jikoni, nami nikapita nyuma ya migomba nikamkuta anafunga nguo mbili na chungu kimoja kwenye kitambaa changu cha maua ya njano. Vidole viwili vimefungwa vijiti, fundo halikazi.

"Acha chungu," nikamwambia. "Nenda na mwili."

"Ngoja nikaze."

Tukasikia kitu bandani. Mifupa. Luemba alikuwa ameketi peke yake na chakula cha watu sita, na alikuwa anakila. Alimla jogoo wangu wote, tukisikia akipasua mifupa na kunyonya uboho, bila haraka. Kisha kimya. Kisha viatu.

Landu alikuwa amefika mlangoni. Kiboko kilimpata shingoni, kikajizungusha mara mbili, naye Luemba akamvuta ndani kama anavuta ndoo kisimani. Mlango akaufunga kwa kisigino. Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta.

"Unakwenda wapi na mtoto wangu?"

Landu hakuweza kujibu, ngozi ilikuwa inamkaba. Akaanguka ubavu. Akajikunja. Nikaona kifuniko cha Chibinda kimekuwa watu: kofia, mkono, duara la tumbo, vidole viwili vimekwenda upande. Kilichokuwa hakijachongwa ni mguu wa kulia, maana ulikuwa unanyanyuka. Kiatu kilikuwa kinatafuta mahali palepale pa mara ya kwanza.

Mchi wangu ulikuwa umesimama kwenye kinu. Mimi sina nguvu, sikuwahi kuwa nazo, ila nilitwanga tangu nina miaka saba, na mchi najua unapokwenda. Mtu aliyeinua mguu mmoja amesimama kwa mmoja. Nikalenga goti la huo uliobaki.

Lililia kama fimbo ya muhogo uliokauka. Luemba alipiga ukelele, lakini wa mshangao, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolijua. Akaanguka juu ya mafiga, na chungu cha mawese kilichokuwa kinachemka kikamwinamia begani na mkononi mpaka kiganjani. Ngozi ilivimba pale pale tukiona. Ndipo akalia kweli. Na katika kulia kule bado akanidaka mguu kwa mkono uliobaki mzima, akanivuta, akanizamisha meno kwenye shavu la mguu. Alama ninayo, wajukuu huomba kuiona.

Nikapiga goti lile lile tena. Pigo la kwanza lilikuwa la Landu. La pili lilikuwa la meno yangu. La tatu sijui lilikuwa la nini, lakini mchi nilikuwa nao bado mkononi.

Akaniachia.

Landu alikuwa amejinasua. Shingo ilikuwa na michirizi miwili inayovuja, macho yametoka. Akaja, akaninyang'anya mchi, akaunyanyua juu ya kichwa cha Luemba. Kofia ilikuwa imemdondoka, nywele zilikuwa chache kuliko nilivyofikiri. Luemba akamtazama Landu kutoka chini, akanyoosha mkono mbele, ule wenye malengelenge, vidole vimepinda.

Hakuomba. Sijui kama alijua kuomba kunaanzaje.

Mchi ukakaa juu. Nilijua angeushusha, na nilijua nini kingefuata: askari wa mzungu, kamba, na mtoto aliyezaliwa gerezani kama akibahatika kuzaliwa.

"Landu," nikasema, "ukimuua huyu, mjomba wako atasikia, na pale njiapanda hutamkuta. Unamjua kwa mbio."

Alianza kutetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kibaya, kikavu, koo likiwa halijafunguka. Akaushusha mchi chini taratibu, akauegemeza kwenye kinu mahali pake. Akakiokota kiboko, akakitia motoni. Ngozi ya kiboko inanuka ikiungua, msijaribu.

Akachukua mzigo wake. Mlangoni akageuka.

"Kile kifuniko, dada?"

"Kiko bandani. Nikuletee?"

"Kaa nacho. Mimi nimekwisha kusema."

Alizaa kiangazi, msichana, kwa mjomba wake. Wakampa jina langu. Ana meno yote.

Watu walipouliza kuhusu goti, Luemba mwenyewe alisema aliteleza jikoni. Mwanamume gani angesema vingine. Bohari ikampata kapita mwingine, aliyeweza kusimama, na kofia ikachukuliwa. Mguu ulipona umegeuka nje, akawa anatembea kwa magongo mawili kutoka kitandani mpaka bandani, na kutoka bandani mpaka kitandani. Mkono wa kulia ulikunjamana kwa ule moto, haukukunja ngumi tena.

Watu huniuliza kwa nini nilibaki. Nyumba nilijenga mimi, shamba lilikuwa langu, na mwanamume alikuwa hawezi tena kunifikia nikisimama hatua tatu. Nilisimama hatua tatu miaka kumi na tisa.

Kila mchana nilimpikia, vizuri. Nilipakua, nikafunika kwa kifuniko kile, nikapeleka bandani. Alikula peke yake. Tata Zau alipita njia ya mbali, na siku nilizopika kuku nilimwona akipunguza mwendo, lakini hakuingia mpaka anakufa. Luemba alimshika yule mwanamume wa mbao kiunoni kwa vile vidole vyake vilivyokunjamana, akafunua, akala, akafunika. Hakuniuliza maana yake hata mara moja.

Mwaka wa nane au wa tisa aliuliza kitu. Alisema, "Nsona, huna kingine?"

"Ninavyo kumi na kimoja."

"Basi leo si ufunike hata kwa kile cha ndege?"

"Kile si cha kesi yako, bwana."

Akala.

Mbao ikishikwa kila siku inalainika. Kwanza zilipotea kamba za viatu, kisha uso, kisha kofia ikawa kama kichwa tu kikubwa. Mwanamke hakuchakaa, hakuna aliyemshika. Mwaka wa mwisho, mchana mmoja nilipokwenda kuchukua vyombo, nilimkuta Luemba amekaa, chakula hajakigusa. Kiganjani alikuwa na kipande cha mbao kidogo kama njiti. Ulikuwa ule mkono ulioinuliwa, pamoja na kiboko chake.

"Umekatika," akasema, akanikabidhi.

Nikaenda kwa Chibinda kuomba gundi ya utomvu. Niliubandika palepale, nikauacha ukauke juani, na kesho yake mchana nikamfunikia chakula.